Mkono wa nani? Wabudha na kitanzi cha serikali

Februari 2019, Idara ya Magereza ya Sri Lanka ilitangaza nafasi mbili za kazi magazetini. Walitakiwa wanaume, umri kati ya miaka 18 na 45, wenye tabia njema sana na moyo mgumu. Mshahara rupia 36,310 kwa mwezi. Kazi yenyewe: kunyonga. Watu zaidi ya 100 wakatuma maombi.

Hapo kwenye "tabia njema" ndipo penye kichekesho. Sri Lanka ni nchi ambayo watu saba katika kila kumi ni Wabudha. Katiba yake inaipa dini ya Budha nafasi ya mbele kuliko nyingine zote. Mtoto wa Kibudha hufundishwa, kabla hata hajajua kuandika, kwamba kuua kiumbe chochote ni jambo la kujiepusha nalo. Kwa mizani hiyo, mwenye tabia njema sana ndiye hasa asiyeifaa kazi ile.

Habari hiyo ilipofika kwenye simu zetu, mwalimu mmoja tunayekunywa naye kahawa jioni alicheka mpaka akakohoa. "Si hao ndio hawakanyagi hata sisimizi?" Mwingine akamjibu kwamba Japan juzi tu, Julai 2018, imewanyonga watu 13 katika mwezi mmoja, na mahekalu ya Budha yamejaa kila mtaa. Mabishano yakaendelea hivyo, kila mmoja na nusu yake ya ukweli. Tangu hapo mkanganyiko umezidi. Myanmar ilinyonga watu wanne mwaka 2022. Japan ikamfutia hatia mzee Iwao Hakamada Septemba 2024, miaka 56 baada ya kuhukumiwa kifo, kisha Juni 2025 ikanyonga tena mtu mwingine. Na katikati ya habari zote hizo unasoma kwamba kuna Wabudha wanaopigania adhabu hiyo ifutwe. Sasa hawa Wabudha wako upande gani?

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi inatoka huko.

Ubudha ni njia iliyoanzishwa na Siddhartha Gautama, aliyeishi kaskazini mwa India karne ya 5 hivi kabla ya Kristo. "Budha" ni cheo, maana yake aliyeamka. Hakuna Papa wa Wabudha wote. Dalai Lama ni kiongozi wa Wabudha wa Tibet, na mtawa wa Colombo, huko Sri Lanka, hana sababu ya kumsikiliza akitoa amri. Kwa hiyo mtu akikuambia "Wabudha wanasema", muulize ni wa wapi na wa madhehebu gani.

Adhabu ya kifo nayo inaweza kukoma kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuifuta: sheria inabadilishwa, jaji hana tena uwezo wa kuitoa. Ya pili ni kuisimamisha: majaji wanaendelea kuhukumu watu kunyongwa, lakini hakuna anayenyongwa. Chukua mfano wa gari lililoegeshwa uani kwa miaka. Halitembei, tairi zimekaa chini, kuku wanatagia ndani. Lakini kadi ya gari ipo na funguo zinaning'inia ukutani. Akija mwenye nyumba mpya akataka safari, atanunua betri tu. Sri Lanka haijanyonga mtu tangu Juni 1976, na tangazo lile la kazi lilikuwa ndiyo kutafuta betri. Sisi wenyewe tunalijua gari hilo: Kenya mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1987, Tanzania 1994, na adhabu bado imo vitabuni. Kongo iliegesha lake mwaka 2003, na Machi 2024 serikali ikatangaza kwamba marufuku imekwisha.

Sasa tuje kwenye mafundisho.

Mbudha wa kawaida ana kanuni tano, na ya kwanza ni kujizuia kuua. Waislamu na Wakristo tunaposikia hivyo tunaisoma kama amri iliyoshuka kutoka juu: usiue, na ukiua utaulizwa. Haiko hivyo. Mbudha huitamka kanuni ile kwa kinywa chake kama nadhiri: "najitwika kanuni ya kujizuia kuua". Nani amejitwika? Yeye. Ni kama mtu aliyeweka nadhiri ya kutokunywa pombe. Nadhiri inambana yeye koo lake, wala haimpi mamlaka ya kufunga baa ya jirani.

Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma, ila matokeo yake ni makubwa. Kanuni ya kwanza haisemi "serikali isinyonge". Inasema mkono wangu mimi usiue. Na serikali haina mkono. Ina hakimu, waziri, askari magereza, daktari wa kupima mapigo ya moyo, na fundi wa kamba. Ugomvi wote wa Wabudha kuhusu adhabu ya kifo, tangu enzi za wafalme mpaka leo, ni ugomvi wa kutafuta mkono: katika mlolongo huu wote, ni mkono wa nani umeua?

Maandiko yao ya kale hayakuliacha swali hilo hewani. Dhammapada, mkusanyo wa mafundisho mafupi ambao Wabudha wengi wanaujua, unasema viumbe wote huogopa fimbo na wote huogopa kifo, basi mtu ajiweke mahali pa mwenzake, asiue wala asisababishe kuua. Hilo la kusababisha ndilo lenye uzito. Kwa watawa likakazwa zaidi: mtawa akimuua mtu, au akimtafutia muuaji, au hata akimsifia mtu uzuri wa kufa mpaka yule akajiua, utawa wake umekwisha siku ile ile na haurudi tena.

Halafu kuna kisa cha Angulimala, ambacho wapinzani wa kitanzi hukitaja kila mara. Angulimala alikuwa jambazi muuaji aliyevaa shingoni shada la vidole vya watu aliowaua. Akakutana na Budha, akaacha silaha, akanyoa kichwa na kuwa mtawa. Mfalme Pasenadi wa Kosala akatoka na wapanda farasi 500 kumsaka, akapita kumsalimia Budha. Budha akamuuliza: ungemkuta Angulimala amenyoa, ameacha kuua, anaishi kitawa, ungemfanyaje? Mfalme akajibu angemwamkia kwa heshima na kumpa mahitaji yake. Budha akanyosha mkono: huyu hapa, ameketi kando yako. Mfalme akasimamisha nywele kwa hofu.

Watu wengi hukiishia hapo kisa hiki, na ndiyo maana hugeuka kuwa hadithi laini ya msamaha. Kinaendelea. Angulimala akiingia mjini kuomba chakula, watu humpiga mawe. Anarudi damu zinamtiririka kichwani, bakuli limevunjika, joho limechanika. Budha hamwambii mfalme awakamate waliompiga, wala hamwambii Angulimala kwamba ameonewa. Anamwambia vumilia, haya ni matunda ya matendo yako. Kumbe kutouawa hakumaanishi deni limefutwa.

Na hapa ndipo tunapokutana na neno lililopotoshwa kuliko yote: karma. Mitandaoni siku hizi kila mtu analo. Mwizi kagongwa na bodaboda, "karma". Kutoka hapo ni hatua moja kufika kwenye hoja ninayoisikia mara nyingi: Mbudha hana haja ya kumhurumia aliyehukumiwa kifo, kwani hiyo ndiyo karma yake. Hoja hii imekosea mahali pamoja. Karma maana yake ni tendo na zao la tendo. Ukipanda mhogo utavuna mhogo. Lakini kwamba umepanda mhogo mchungu hakumpi jirani ruhusa ya kuja shambani kwako usiku kuung'oa na kukulisha kwa nguvu. Akifanya hivyo, naye anapanda kwake. Mnyongaji, kwa hesabu ya Kibudha, ana shamba lake na mbegu yake. Ndiyo maana katika nchi hizi kazi hiyo huogopwa hivi. Mwaka 2014 Sri Lanka ilimwajiri mnyongaji mpya, akapewa mafunzo, akapelekwa kuonyeshwa mti wenyewe wa kunyongea kwa mara ya kwanza. Aliuona, akaandika barua ya kuacha kazi.

Basi kama mafundisho yako wazi hivyo, wafalme wa Kibudha walifanyaje?

Walihangaika. Mashuhuri kuliko wote ni Ashoka, aliyetawala karibu India yote karne ya 3 kabla ya Kristo, akashika Ubudha baada ya kuona maiti za vita vya Kalinga. Ashoka alipunguza kuchinjwa kwa wanyama, akapanda miti ya vivuli barabarani, akachimba visima. Kitanzi hakukifuta. Amri yake iliyochongwa kwenye nguzo za mawe, ambazo mpaka leo zipo, inasema waliohukumiwa kifo wapewe siku tatu. Ndani ya siku hizo ndugu zao wapate nafasi ya kuwaombea, na wasipopata wa kuwaombea, watoe sadaka na kufunga kwa ajili ya maisha yajayo. Siku tatu. Mimi kila nikiisoma amri ile naona mtu aliyejua kabisa mafundisho yanasema nini, akajua pia kiti alichokalia kinataka nini, akakata katikati.

Japan ilikwenda mbali zaidi. Baada ya mwaka 810, katika enzi ya Mfalme Saga, adhabu ya kifo iliacha kutekelezwa katika makao makuu ya nchi, na hali ikabaki hivyo mpaka 1156. Karibu miaka 350. Wanaharakati wa leo hupenda kuitaja miaka hiyo kama ushindi wa Ubudha, nami nadhani wanaivuta kidogo. Huruma ya Kibudha ilikuwemo, lakini ilikuwemo pia hofu kwamba roho ya aliyeuawa hurudi na tauni na radi. Na mbali na mji mkuu, wapiganaji waliendelea kukatana vichwa kama kawaida. Lakini hata ukiyatoa hayo, miaka 350 si mchezo. Na tazama ilivyokwisha: baada ya uasi wa mwaka 1156, aliyeshikilia kwamba walioshindwa wauawe alikuwa Shinzei, mshauri wa ikulu, mtu aliyekuwa tayari amenyoa kichwa na kuchukua nadhiri za kitawa. Mmoja wa waliouawa, Minamoto no Tameyoshi, alikatwa kichwa kwa amri iliyopitia kwa mwanawe wa kumzaa. Haikufika miaka minne kichwa cha Shinzei nacho kikawa kinaonyeshwa hadharani.

Kwa hiyo dhana ya kwanza tuiweke pembeni: si kweli kwamba penye Ubudha hapana kitanzi. Na ya pili, kwamba joho la mtawa daima liko upande wa huruma, nayo haisimami. Ushahidi mkali wa hilo uko Sri Lanka kwenyewe.

Mwaka 1956 S. W. R. D. Bandaranaike aliingia madarakani kama waziri mkuu, akibebwa na kampeni ya watawa wa Kibudha. Serikali yake ikasimamisha kunyonga. Tarehe 25 Septemba 1959 mtawa aitwaye Talduwe Somarama alifika nyumbani kwake kama mgeni wa kawaida. Waziri mkuu akainama kumpa heshima anayopewa mtawa. Mtawa akatoa bastola kwenye joho akampiga risasi. Bandaranaike hakufa papo hapo. Kutoka hospitali alituma ujumbe kwa taifa akiomba watu wamwonee huruma yule aliyempiga, wasilipize kisasi. Alifariki kesho yake.

Waliobaki hawakumsikiliza. Adhabu ya kifo ikarudishwa kwa haraka, tena ikafanywa iwafikie hata waliotenda kabla haijarudi. Mtawa aliyepanga njama, mkuu wa hekalu kubwa la Kelaniya, alinusurika kamba kwa sababu ya uzembe wa uandishi: sheria mpya ilitaja kuua ikasahau kula njama ya kuua. Akafungwa maisha. Somarama akanyongwa Julai 1962, na wiki chache kabla alikuwa amebatizwa kuwa Mkristo.

Ukitaka kuwaelewa Wabudha wanaopinga adhabu ya kifo leo, usiwatafute kwanza kwenye maandamano. Nenda Tokyo, katika jengo la mahabusu.

Agosti 2010 waandishi wa habari waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuingia chumba cha kunyongea cha Tokyo. Aliyeufungua mlango ni waziri wa sheria Keiko Chiba, mpinzani wa adhabu ya kifo ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ametia saini amri mbili na kwenda mwenyewe kuzishuhudia zikitekelezwa. Kilichoonekana kilikuwa safi na tulivu kama zahanati mpya. Kuna chumba chenye sanamu ya Budha, ambamo anayekwenda kufa hukutana na kasisi au mtawa. Kuna chumba cha pili chenye zulia, na katikati ya sakafu mraba uliochorwa kwa rangi nyekundu: huo ndio mlango unaofunguka chini ya miguu. Na upande wa pili wa ukuta kuna vitufe vitatu. Askari watatu husimama, ishara ikitolewa wanabonyeza wote kwa pamoja. Kinachofungua mlango ni kimoja tu, na hakuna anayejua ni kipi.

Vitufe viwili vya ziada havifanyi chochote. Vimewekwa ili watu watatu walale usiku, kila mmoja akijiambia huenda si mimi. Nchi iliyotengeneza vile inajua vizuri kwamba askari wake wanaogopa kuwa na mkono uliofanya. Thailand nayo, mpaka mwaka 2003 ilipohamia sindano ya sumu, iliua kwa bunduki ya rashasha kwa namna ya aina hiyo: mfungwa amefungwa kwenye mti, viganja vimeunganishwa kama anayesali, ameshikishwa maua na udi, na kati yake na bunduki kumetandazwa pazia lenye alama ya kulenga. Mpigaji anapiga pazia.

Hapo kwenye pazia na vitufe ndipo Wabudha wapinzani wanapofanyia kazi yao. Wanarudisha jina la mwenye mkono.

Nchini Japan mtu hanyongwi mpaka waziri wa sheria atie saini. Megumu Sato, aliyekuwa waziri mwaka 1990 na 1991, alitoka katika nyumba ya hekalu na mwenyewe alikuwa kasisi wa Kibudha. Muda wake wote hakusaini hata moja. Oktoba 2005 akaja Seiken Sugiura. Usiku ule ule alioteuliwa aliwaambia waandishi kwamba hatasaini, kwa sababu ya imani yake. Kelele zikapigwa, na saa moja hivi baadaye akatoa taarifa ya kujirudi, kwamba yale yalikuwa ya moyoni mwake tu, hayahusu kazi ya ofisi. Alikaa miezi 11. Hakusaini. Alipoondoka wizarani, mrithi wake alisaini, na siku ya Krismasi 2006 wakanyongwa watu wanne.

Msomaji wa Tanzania hapa atakumbuka jambo. Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba anaogopa kusaini watu wanyongwe, wasimpelekee orodha hiyo. Yeye alikuwa Mkatoliki. Lakini kalamu ni ile ile, na swali lililomkwamisha ni lile lile lililomkwamisha Sugiura.

Imani ya Sugiura ilikuwa ya madhehebu ya Shinshu Otani, moja ya matawi makubwa ya Ubudha wa Japan, lenye hekalu lake kuu Kyoto. Tangu 1998 madhehebu haya yamekuwa yakitoa tamko la kupinga kila serikali inaponyonga. Mwanzilishi wao, Shinran, wa karne ya 13, alifundisha jambo ambalo mpaka leo linawasumbua watu: kama mtu mwema anaokoka, seuze mwovu. Yaani anayejijua kwamba hana cha kujivunia ndiye aliye karibu zaidi na huruma. Alimwambia mwanafunzi wake pia kwamba asidhani hajaua kwa kuwa ana moyo mzuri. Ni kwamba sababu za kumfikisha kwenye kuua hazijamkuta. Shinran hakuzungumza akiwa amekaa pazuri. Mwaka 1207 utawala uliwakata vichwa wanne wa kundi lake, yeye akapelekwa uhamishoni.

Ungedhani basi madhehebu yale yamekuwa safi tangu wakati huo. Wapi. Makasisi wa madhehebu haya walijaa magerezani tangu karne ya 19 wakifanya kazi ya kuwatuliza wanaokwenda kunyongwa, wafe bila kusumbua. Mwaka 1911 watu 24 walihukumiwa kifo Japan kwa tuhuma za njama ya kumuua mfalme. Mmoja wao, Kenmyo Takagi, alikuwa kasisi wa Otani, mtu wa maskini aliyepinga vita. Hukumu yake ilipunguzwa kuwa kifungo cha maisha, na miaka mitatu baadaye akajiua gerezani. Madhehebu yake yalimfanyaje? Yalimfukuza. Yalimrudishia jina lake mwaka 1996 na kukiri kosa. Miaka miwili baadaye ndipo yakaanza matamko yale ya kupinga kitanzi. Sidhani tarehe hizo zimefuatana kwa bahati. Mtu aliyewahi kumkabidhi ndugu yake kwa mnyongaji ana sababu ya kuongea kwa sauti tofauti na anayetoa hotuba tu.

Hata hivyo Wajapani wengi hawako nao. Katika uchunguzi wa maoni wa serikali, zaidi ya watu 80 kwa 100 husema adhabu ya kifo haina budi kuwepo. Wengi wa hao wana altare ya Kibudha sebuleni.

Na hapa niwe mkweli kuhusu udhaifu wa wapinzani wenyewe. Oktoba 2016 chama cha mawakili wa Japan kilikutana mji wa Fukui kujadili kufuta adhabu hiyo. Mtawa na mwandishi maarufu Jakucho Setouchi, wakati huo ana miaka 94, alituma ujumbe wa video akiwataka wapigane na wale wapumbavu wanaotaka kuua. Alikuwa anaisema serikali. Lakini familia za watu waliouawa walikuwemo ukumbini, na wao waliusikia upumbavu ule ukiwaangukia wao. Bibi akaomba radhi. Kisa kile kimebaki kuwa mfano wa kosa ambalo wapinzani wa Kibudha hulirudia: wanamwona mfungwa vizuri, wanamwona mnyongaji vizuri, na mama aliyezika binti yake wanampita kama hayupo. Mafundisho yenyewe yanaanza na mateso ya kila aliye hai. Kumruka mfiwa ni kuyasoma kwa jicho moja.

Dhana ya tatu, kwamba kupinga kitanzi ni kutaka wauaji waachiwe, inajibiwa na Kambodia. Pale kati ya 1975 na 1979 Khmer Wekundu, wakomunisti walioishika nchi, waliua watu zaidi ya milioni 1.5, wakavua watawa majoho na kugeuza mahekalu maghala na magereza. Kama kuna nchi ingedai kamba, ni ile. Mwaka 1989 ikaifuta adhabu ya kifo, na katiba ya 1993 ikasema haitakuwepo. Mahakama iliyoundwa baadaye kwa msaada wa Umoja wa Mataifa kuwashitaki wakuu wa Khmer Wekundu haikuruhusiwa kutoa adhabu kubwa kuliko kifungo cha maisha. Duch, aliyesimamia gereza la Tuol Sleng ambamo maelfu waliteswa kabla ya kuuawa, alihukumiwa maisha na akafa mfungwa mwaka 2020. Bhutan iliifuta 2004. Mongolia, ambayo nayo ni ya Kibudha kwa wingi, iliisimamisha kwa neno la rais wake mwaka 2010, sheria ikaiondoa kabisa Julai 2017. Siasa ilichangia kila mahali, si dini peke yake.

Kuna pia kazi isiyo na kelele, ya kuwatembelea wafungwa. Uingereza tangu 1985 kuna shirika la Kibudha la magerezani, na jina lake ni Angulimala. Marekani wapo wafungwa walioshika Ubudha wakiwa wanasubiri kuuawa, na mmoja wao, huko Texas, alizua kesi isiyotarajiwa. Machi 2019 aliomba mshauri wake wa Kibudha awe naye chumbani wakati wa sindano. Gereza likakataa, kwa kuwa wenye ruhusa ya kuingia walikuwa waajiriwa wake, nao walikuwa Wakristo na Waislamu tu. Mahakama ya Juu ya nchi ikasimamisha kuuawa kwake usiku ule ule. Texas ikatafuta dawa: ikapiga marufuku viongozi wa dini zote kuingia. Usawa umepatikana! Marufuku hiyo nayo haikudumu.

Turudi Sri Lanka, tulipoacha waombaji kazi zaidi ya 100. Wawili walichaguliwa. Juni 2019 Rais Maithripala Sirisena akatangaza kwamba ameshasaini amri za kuwanyonga wafungwa wanne wa kesi za dawa za kulevya, bila kuwataja majina. Malalamiko yakafika Mahakama ya Juu, nayo mwezi uliofuata ikazuia kwa muda. Sirisena akamaliza kipindi chake. Agosti 2022, kesi zile zikiwa bado mezani, mwanasheria mkuu aliiambia mahakama kwamba rais mpya, Ranil Wickremesinghe, hatatia saini yake kumnyonga mtu yeyote. Majaji wa Colombo wanaendelea kutoa hukumu za kifo, na waliohukumiwa wanarudishwa selo.